Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyevuka Atlantiki kwa bawa la mbao

WAKAZI wa mtaa wa Kaptembwo, magharibi mwa mji wa Nakuru, wanaujua vyema Mto Njoro. Maji yake huteremka kutoka milima ya Mau, yakapita Njoro, yakapenya kandokando ya makazi yao na ya majirani wao wa Rhonda, kisha yakaishia katika Ziwa Nakuru. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba huko juu, mto huo unakotokea, ndiko alikolelewa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini, akiyakabili mapepo ya Bahari ya Atlantiki uso kwa uso.

Mwanamke huyo ni Beryl Markham. Safari hiyo aliifanya usiku wa kuamkia Septemba 5, 1936, akiwa na umri wa miaka 33. Magazeti ya Uingereza na Marekani yalimpamba kwa sifa za ujasiri na urembo, nayo nywele zake za rangi ya dhahabu zikaandikwa kuliko kitu kingine chochote. Kilichomvusha hasa kilitajwa kwa uchache: bawa refu la mbao, mkia mdogo uliopimwa kwa uangalifu, na mikono iliyofahamu namna ya kuvioanisha viwili hivyo wakati ndege imebeba mzigo uliopita kiasi.

Beryl Clutterbuck alizaliwa Oktoba 26, 1902, nchini Uingereza. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mpanda farasi na mfunzaji wa farasi wa mashindano. Alikuja Afrika Mashariki wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwagawia walowezi ardhi ya nyanda za juu, ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Kwanza alimfanyia kazi Lord Delamere, kisha akaanzisha shamba lake mwenyewe huko Njoro, akajenga vinu vya kusaga nafaka na mazizi ya farasi. Beryl aliletwa mwaka 1906 akiwa mtoto wa miaka mitatu. Mamake hakustahimili maisha hayo. Muda si muda alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na binti akabaki na babake.

Malezi aliyoyapata yalikuwa ya wenyeji kuliko ya Kizungu. Alicheza na watoto wa Kikalenjin waliokuwa wakiishi shambani, akajifunza kurusha mkuki, kuwinda nguruwe mwitu na kutembea pekupeku msituni. Kiswahili alikizungumza tangu utotoni, na lugha ya wenzake vilevile. Rafiki yake wa karibu alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alijulikana kama arap Ruta. Huyu alikuja kuwa msaidizi wake kwenye mazizi ya farasi, na baadaye kwenye uwanja wa ndege. Kitabu cha Beryl kinamtaja kwa heshima kubwa. Hata hivyo, mmoja alikua akawa bibi na mwenzake akawa mtumishi, na hilo halikutokana na kipaji cha yeyote kati yao. Ndivyo ukoloni ulivyopangwa.

Babake alifilisika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati ukame na mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa vilipomkaba koo. Aliuza shamba akaenda Peru. Beryl, ambaye tayari alikuwa ameolewa na mlowezi Jock Purves akiwa msichana mdogo, alikataa kuondoka. Alipofika umri wa miaka 18 hivi alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya nchini kabla yake. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi ilhali miguu yake ilikuwa na kasoro iliyowafanya wengi wamkatie tamaa.

Ndoa ya kwanza ilivunjika. Ya pili, na tajiri Mansfield Markham, ilimpa jina alilolibeba hadi kufa na mtoto wa kiume aliyelelewa Uingereza. Kulikuwa na mambo mengine ya faragha, yakiwemo mahusiano na mwana wa mfalme wa Uingereza, ambayo waandishi wengine wameyajazia kurasa nyingi. Hapa yatosha kusema kwamba hayakumfundisha kuruka.

Aliyemfundisha ni Tom Campbell Black. Huyu alikuwa rubani wa kijeshi wakati wa vita, na mwaka 1929 alishirikiana na Bi Florence Wilson kuanzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo jina lake lingali katika uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi. Kwa mujibu wa kitabu cha Beryl, wawili hao walikutana kwanza barabarani karibu na Molo, mmoja akihangaika na gari lililoharibika na mwingine akiwa juu ya farasi. Mei 14, 1931, rafiki wa Beryl, mwindaji Denys Finch Hatton, alifariki ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth ilipoanguka Voi muda mfupi baada ya kupaa. Inasimuliwa kwamba Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo na Campbell Black akamsihi asiende. Msiba huo haukumwondoa katika urubani, bali mwaka huohuo alizidisha masomo.

Kujifunza kuruka katika Bonde la Ufa si sawa na kujifunza Uingereza. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Njoro ni zaidi ya mita 2,100. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Bawa hunyanyua ndege kwa kuisukuma hewa kuelekea chini linapopita kwa kasi; ikiwa hewa ni nyepesi, lazima kasi iongezwe ndipo unyanyuaji uleule upatikane. Injini nayo hupumua kwa shida, kwa hiyo nguvu zake hupungua wakati zinapohitajika zaidi. Rubani aliyezoea viwanja vya pwani akija bondeni saa sita mchana, jua likiwa limeichemsha hewa, hukuta ndege inakimbia na kukimbia ardhini bila dalili ya kupaa.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi hana budi kulielewa ni mizani. Anayeishi Kaptembwo hahitaji darasa kulifahamu, kwa maana mikokoteni ya punda hubeba mitungi ya maji kila siku. Mwenye mkokoteni akiijaza mitungi yote nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka na punda akaanza kuning'inia. Akiijaza yote mbele, punda hulemewa shingoni. Ndege hutenda vivyo hivyo, ila ekseli yake ni nguvu ya mabawa. Uzito wote wa ndege una kitovu chake, na nguvu ya kunyanyua ya mabawa ina kitovu chake. Viwili hivyo visipokaa karibu, ndege hupinduka.

Wabunifu hukiweka kitovu cha uzito mbele kidogo ya kile cha mabawa. Kwa hiyo pua ya ndege daima hutaka kuinama. Kazi ya kuizuia huachiwa mkia. Wengi hudhani kwamba mkia, kwa kuwa una umbo la bawa dogo, husaidia kunyanyua. Kwa kawaida hufanya kinyume: hukandamiza upande wa nyuma kuelekea chini ili pua ibaki juu. Faida yake ni kwamba ndege ikiyumbishwa na upepo hujirudisha yenyewe. Upepo ukiinua pua, ukandamizaji wa mkia hupungua, na pua ikarudi ilikokuwa. Rubani anaweza kukunja ramani au kunywa chai bila kushikilia usukani kwa nguvu.

Lakini usalama huo una bei. Kila kilo ambayo mkia unaikandamiza chini, mabawa hulazimika kuinyanyua juu ya uzito halisi wa ndege, na kila unyanyuaji huzaa ukinzani wa hewa unaokula petroli. Mkia ukiwa mkubwa mno, ndege ni tulivu lakini mlafi. Ukiwa mdogo mno, ndege inakwenda mbali kwa petroli kidogo lakini inageuka kama farasi asiyefunzwa. Huenda ndiyo sababu mfunzaji huyu wa farasi alielewana na mashine hizo kwa haraka, kwani farasi naye humtupa anayekalia nyuma mno.

Beryl alianza na ndege za mabawa mawili yaliyopandana, zilizoshikanishwa kwa nguzo na nyaya. Ndege yake mwenyewe ilikuwa Avro Avian. Muundo wa aina hiyo ni imara na hutua polepole, sifa njema sana kwa anayeshukia vichakani. Ubaya wake ni nyaya hizo. Waya mwembamba wa duara ukipita hewani huburuta hewa nyingi kuliko umbo nene lililochongwa vizuri, na Avian ilikuwa na nyaya tele. Hata hivyo kwa ndege hiyo aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza mwaka 1932, akifuata Mto Nile na kuvuka jangwa, akirekebisha injini njiani.

Mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa biashara, mwanamke wa kwanza nchini kuwa nayo. Alibeba barua, abiria na dawa, na akaajiriwa na wawindaji, akiwemo Bror Blixen, kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani. Kazi hii ya mwisho ilikuwa ya hatari na, kwa macho ya leo, ya aibu. Ilimtaka aruke chini na polepole huku akizunguka kwa kulaza bawa. Bawa likilazwa, sehemu ya nguvu yake hupotea upande, na kasi ikipungua hewa iliyoshikamana na mgongo wa bawa hubanduka ghafla. Hapo bawa halinyanyui tena na ndege huporomoka kama jiwe. Kwa rubani aliye mita chache juu ya miiba ya Ukambani, hakuna nafasi ya kujirekebisha. Beryl aliishi.

Ndege iliyomletea umaarufu ilitoka kwenye kiwanda cha Edgar Percival, mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi zake Uingereza. Aliiita Vega Gull, yaani shakwe, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1935. Percival alilitupa bawa la juu, akazitupa nguzo na nyaya, akabakiza bawa moja la chini lenye upana wa zaidi ya mita 12 kutoka ncha hadi ncha, lililojishikilia lenyewe kwa maboriti ya mbao yaliyofichwa ndani. Magurudumu hayakukunjwa, ila yalivikwa vifuniko laini. Injini ilikuwa moja tu, Gipsy Six ya nguvu za farasi 200. Kwa nguvu hizo ndogo ilisafiri kwa mwendo wa takriban kilomita 240 kwa saa ikiwa na watu wanne.

Urefu wa bawa haukuwa urembo. Chini ya bawa hewa ina shinikizo kubwa kuliko juu yake, nayo hutafuta njia ya kutorokea kwenye ncha, ikizunguka na kuacha kimbunga kidogo nyuma ya ndege. Kimbunga hicho ni nguvu iliyopotea. Bawa likiwa refu na jembamba, sehemu kubwa yake huwa mbali na ncha na hasara hupungua, hasa ndege ikiwa nzito na mwendo ukiwa mdogo. Anayetaka kuliona jambo hili na atazame mwari wanaoruka kati ya Ziwa Elmenteita na Ziwa Nakuru. Ni ndege wazito, lakini kwa mabawa yao marefu, yenye manyoya ya ncha yaliyoachana kama vidole, huzunguka juu ya joto la ardhi na kupanda bila kupiga bawa hata mara moja. (Mwari hao walizidi Nakuru baada ya samaki kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, Beryl alipokuwa mtoto ziwa halikuwa na samaki wa kuwavutia.)

Vega Gull aliyoirusha Beryl ilikuwa mali ya John Carberry, mlowezi wa Nyeri na mpenzi wa ndege. Alikubali kumkopesha kwa sharti kwamba airudishe kwa wakati, kwa kuwa alikusudia kuiingiza katika mashindano ya kutoka Portsmouth hadi Johannesburg mwishoni mwa Septemba 1936. Watu walikuwa wamekwisha kuvuka Atlantiki. Amelia Earhart alivuka peke yake mwaka 1932, lakini alitoka Amerika kuja Ulaya, upepo ukimsukuma mgongoni. Mwaka huohuo Jim Mollison alivuka kinyume chake, akianzia Ireland. Hakuna mwanamke aliyekuwa amekwenda njia hiyo peke yake, na hakuna aliyeianzia Uingereza akafika bila kutua.

Kwenda kinyume cha upepo maana yake ni saa nyingi zaidi, na saa nyingi ni petroli nyingi. Viti vya abiria viling'olewa, matangi ya ziada yakawekwa ndani ya ndege. Hapa hesabu ya mkokoteni ikarudi kwa ukali. Petroli ni mzigo unaopungua njiani, na kila tangi linalokauka hubadilisha mahali pa kitovu cha uzito. Uzito ukisogea nyuma, mkia hupunguziwa kazi na ndege huwa nyepesi kwa petroli, lakini pia huacha kujirudisha yenyewe ikiyumba, na rubani hana budi kuishika kila dakika, gizani na mawinguni, bila kujua lipi juu na lipi chini ila kwa kuamini saa za mbele yake. Ukisogea mbele, pua huwa nzito na wakati wa kutua mkia hauwezi kuiinua ya kutosha.

Matangi hayo hayakuwa na vipimo vya kuonyesha kiasi kilichobaki. Beryl alielekezwa asifungue tangi jipya kabla la awali halijakauka kabisa. Kwa hivyo ilimpasa kusubiri injini izime, kisha apapase gizani kutafuta bomba la tangi linalofuata huku ndege ikishuka kuelekea baharini. Hakubeba redio. Aliacha hata koti la kuelea majini, kwa vile lilimpunguzia nafasi ya nguo za kumkinga na baridi. Mollison alimwazima saa yake ya mkononi.

Jioni ya Septemba 4, katika uwanja wa kijeshi wa Abingdon, hali ya hewa ilikuwa mbaya na alikuwa amesubiri kwa siku kadhaa. Ndege iliyojaa petroli ilikimbia umbali mrefu kabla ya kuacha ardhi. Msichana aliyejifunza katika hewa nyepesi ya bondeni aliijua hali hiyo: usiivute pua mapema, liache bawa lipate kasi yake. Alipaa, akapita Ireland, na giza likammeza.

Injini ilizima mara ya kwanza juu ya bahari, kama ilivyotarajiwa, na ikawaka alipopata bomba. Iliendelea hivyo usiku kucha, mvua na upepo vikipiga. Baada ya zaidi ya saa 20 angani aliiona pwani ya Kanada. Alikuwa amebakiza tangi la mwisho, ambalo kwa hesabu lingemfikisha mbali zaidi. Injini ikaanza kukohoa. Inaelezwa kwamba tundu la kuingizia hewa katika tangi hilo lilikuwa limeziba kwa barafu, hata petroli ikakataa kutiririka. Ilizima, ikawaka, ikazima tena.

Ndege isiyo na injini haianguki mara moja. Bawa zuri huigeuza kimo chake kuwa umbali, mita kadhaa mbele kwa kila mita moja ya kushuka, mradi rubani asiruhusu kasi kufa. Beryl aliitafuta ardhi tambarare, akaiona iliyoonekana kijani huko Baleine Cove, kisiwani Cape Breton. Ilikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, pua ikajikita topeni na mkia ukabaki umeelekea angani. Alipasuka kichwani, akatoka mwenyewe, akatembea kwenye matope hadi alipokutana na watu.

New York, alikokusudia kufika, ilimpokea kwa shangwe aliposafirishwa huko siku iliyofuata. Yeye alijihesabu kuwa ameshindwa, kwa kuwa hakufika alikosema atafika na ndege ya Carberry ilikuwa imevunjika kabla ya mashindano. Ushindi wa mashindano hayo ulichukuliwa na Vega Gull nyingine, iliyorushwa na Charles Scott na Giles Guthrie. Huenda hakuna ushahidi bora wa ubora wa bawa la Percival.

Furaha yake haikudumu majuma matatu. Septemba 19, 1936, Tom Campbell Black alikuwa ndani ya ndege yake katika uwanja wa Speke, Liverpool, akijiandaa kwa mashindano hayohayo. Ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitembea ardhini baada ya kutua ilimgonga, na akafariki. Rubani aliyewahi kuokoa wenzake jangwani Sudan na kushinda mbio za London hadi Melbourne mwaka 1934 aliuawa magurudumu yake yakiwa bado ardhini.

Beryl hakurudia tena safari ya aina ile. Alihamia Marekani, akaolewa mara ya tatu na mwandishi Raoul Schumacher, na mwaka 1942 akachapisha kitabu chake, West with the Night, kinachosimulia utoto wa Njoro, farasi na ndege. Vita vilikuwa vimepamba moto, na kitabu kikasahaulika. Wapo waliodai kwamba Schumacher ndiye aliyekiandika. Mwandishi wa maisha yake, Mary Lovell, aliyetoa kitabu mwaka 1987, alimtetea Beryl. Errol Trzebinski, mwaka 1993, aliona vingine. Mabishano hayo hayajakatika. Lakini msomaji akizifikia kurasa za usiku wa Atlantiki, ni vigumu kuamini kwamba zilibuniwa na mtu ambaye hajawahi kupapasa bomba la petroli gizani.

Baada ya vita alirudi Kenya, akarudia farasi. Farasi aliowafunza walishinda Kenya Derby mara sita, na kwa miaka mingi jina lake lilitajwa katika mbio za farasi kuliko katika urubani. Uzeeni fedha zilimwishia, akaishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio jijini Nairobi. Kisha mwenye mkahawa mmoja wa California aliisoma barua ya zamani ya Ernest Hemingway, ambamo mwandishi huyo, asiye mwepesi wa kusifu wenzake, alikiri kwamba mwanamke huyu amewashinda waandishi wote kwa kalamu. Kitabu kikachapishwa upya mwaka 1983, kikauzwa sana, na Beryl akapata riziki miaka yake ya mwisho. Shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura limepewa jina la Markham kwa kumbukumbu yake.

Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu Vega Gull ilipoacha ardhi ya Abingdon ikiwa imejaa petroli.